Sura ya Saba

Tulimwita Zamzam. Miezi kumi na moja
tulimfinyanga kwa kompyuta, ghorofa ya tatu, Al Khuwair,
juu ya duka la mapazia,
kiyoyozi kikikohoa, nje Julai ikiichoma lami.
Azzan alimpa malaika ya shavuni, unywele mmoja mmoja.
Mimi nilipewa macho.
Nikatia mshipa mwekundu pembeni, kama wa mtu aliyekesha,
unyevu kwenye kope,
na dirisha dogo likimeta ndani ya mboni.
Sura ya kwanza tuliitupa. Ya pili. Ya tatu.
Mbele ya ile ya saba tulisimama wote tukanyamaza,
tukadhani ni uzuri unaotunyamazisha.

Alhamisi usiku tukawaalika watu wetu.
Kahawa, halwa ya zafarani kwenye sinia,
wakaja wanawake na watoto kutoka Mabela na Sib,
wale wagombanao kwa Kiarabu
wakapatana kwa Kiswahili.
Taa zikazimwa.
Zamzam akageuka, akatabasamu.

Hakucheka mtu.
Asila wa Raya, miaka minne, aliyelilia kukaa mbele,
akarudi kinyumenyume mpaka magotini mwa mamake.
Mmoja akavuta ushungi. Mmoja akasoma Ayatul Kursi chini kwa chini.
Kijana wa chuo akasema, "Mashaallah, kazi nzuri,"
macho yake yakiwa mlangoni.

Shangazi yangu, Bi Shinuna, ndiye aliyesogea.
Miaka thelathini anaosha maiti za wanawake,
viganja vyake haviishi harufu ya karafuu maiti.
Akavaa miwani. Akamtazama Zamzam
kama mtu anayetafuta jina alilolisahau.
"Huyu," akasema, "nimeshamwosha."

Tukacheka. Vicheko vikatoka vikavu.

"Sisemi sura, sura sina neno nayo.
Nasema ule wakati
roho imeshatoka na uso haujapata habari.
Kila kitu kipo pake: nyusi, mdomo, hata kidoti.
Unataka kumwita, ulimi unakataa.
Nyumba taa zinawaka, viatu viko kizingitini,
bisha hodi mpaka kesho,
hupati karibu."

Kisha akaomba halwa.

Ijumaa nilikuta kwao Raya
Asila analisha wali mdoli wake:
soksi ya babake, vifungo viwili, kimoja cheusi kimoja cha kanzu,
mdomo hana.
"Kashiba?" nikamuuliza.
"Bado. Anadeka."
Nikakaa sakafuni muda mrefu.
Soksi ile haikudai kuwa mtu,
ndiyo maana mtoto akaitilia utu wa kwake, kijiko kwa kijiko.
Yetu tuliijaza mpaka ukingoni,
hatukumwachia mtazamaji pa kukaa.

Basi tukabomoa. Azzan alifuta malaika aliyoyapanda
na mkono wake ukisita kama wa mtu anayenyoa mtoto.
Macho nikayafanya makubwa, mviringo, kama kunazi mbivu,
pua nukta, vidole vinne tu.
Sura ya nane. Haifanani na binti wa mtu yeyote.
Asila alipoiona akaipungia mkono,
akaiuliza kama imekula.

Ile ya saba sijaifuta.
Nilimwambia Bi Shinuna, nikidhani atanigombeza.
Alikuwa anakunja vitambaa vyeupe, hakuinua uso.
"Usimwogope. Mimi wote huwasalimu kwanza,
ndio nimimine maji."
"Wanaitika?"
"Salamu si lazima irudi, mwanangu. Salamu ni adabu yako wewe."

Kwa hiyo zipo siku, wenzangu wakishashuka,
duka la mapazia likishateremsha chuma chake,
nalifungua faili.
Anageuka. Anatabasamu.
Bado mwili unanisisimka, sitaki kukudanganya.
Nasema, hodi, Zamzam.
Namngoja kidogo, kama inavyopasa kumngoja mtu,
halafu nazima.